Mhadhiri mpya na ruzuku ya kwanza ya utafiti: inatafutwa wapi, inaombwaje?

Mhadhiri_Kemia

Wakuu, habari za kazi.

Nafundisha chuo kikuu, kemia ya mazingira. Nimetetea tasnifu ya PhD miaka mitatu iliyopita. Ninachofanyia kazi ni kuondoa floraidi kwenye maji ya kunywa kwa kutumia vichujio vya mkaa wa mifupa. Mita na elektrodi ya floraidi ipo maabara, makala tatu zimechapishwa, lakini hakuna fedha za vitendanishi, za usafiri wa kukusanya sampuli, wala za kumlipa msaidizi wa utafiti. Nahitaji kama dola 60,000 kwa miaka miwili au mitatu, si mamilioni.

Barua pepe za matangazo ya ruzuku zinafurika kila wiki na nyingi hazinihusu. Kwa hiyo naomba wenye uzoefu wa kuandika, kuhakiki au kusimamia ruzuku wanisaidie kwenye haya: nawapataje wafadhili wanaoendana na kazi yangu bila kupoteza miezi? Andiko linaangukia wapi hasa, maana naona watu wenye sayansi nzuri wanakosa? Na bajeti inapigwaje ili isikataliwe wala isiniumize baadaye?

Natanguliza shukrani.

---

Mpitia_Maandiko

Mkuu, achana kwanza na orodha za matangazo. Anza na orodha za waliokwisha kupewa. Tangazo linakuambia mfadhili anasema anataka nini. Orodha ya miradi aliyoilipia inakuambia anatoa fedha kwa kitu gani, kiasi gani, na kwa watu wa ngazi ipi. Mara nyingi hivyo viwili havifanani.

Orodha hizo ziko wazi. NIH ya Marekani (taasisi za taifa za utafiti wa afya) wana RePORTER, NSF (mfuko wa taifa wa sayansi wa huko huko) wana ukurasa wao wa kutafuta ruzuku zilizotolewa, Umoja wa Ulaya wana CORDIS, na Europe PMC, hifadhi ya makala za kisayansi, wana kitafutio cha ruzuku kinachojumuisha Wellcome ya Uingereza na wenzao. Ndani ya RePORTER kuna kifaa kinaitwa Matchmaker: unabandika muhtasari wa wazo lako, hadi herufi 15,000, nacho kinakuletea miradi inayofanana pamoja na majina ya maofisa wa programu wanaoisimamia. Hata kama huna mpango wa kuomba NIH, kifanyie jaribio. Ndani ya dakika kumi utajua wazo lako wengine wanaliitaje, na maneno hayo ndiyo utakayotafutia kwingine. Wewe unasema "floraidi", mfadhili huenda anasema "usalama wa maji" au "teknolojia za gharama nafuu za kutibu maji".

Njia ya pili haina mtandao wowote maalumu: chukua makala ishirini za karibuni unazozinukuu, nenda moja kwa moja kwenye aya ya shukrani na ufadhili. Andika kila mfadhili na jina kamili la programu, maana jina la mfadhili peke yake halitoshi. Mfadhili mmoja anaweza kuwa na programu kumi na wewe unafaa moja tu. Ukimaliza, utakuwa na majina kumi hadi kumi na tano yanayojirudia. Hao ndio wa kufuatilia. Barua pepe nyingine zote zifungie.

Sasa wachuje kwa masharti ya kustahili kabla hujasoma hata sentensi moja ya mada. Angalia nchi ya taasisi yako, umri wa PhD yako, aina ya taasisi, na kama mwombaji anatakiwa awe na ajira itakayodumu muda wote wa mradi. ERC (Baraza la Utafiti la Ulaya), kwa mfano, ruzuku yao ya kuanzia hufika euro milioni 1.5 kwa miaka mitano, lakini taasisi mwenyeji lazima iwe kwenye nchi ya Umoja wa Ulaya au nchi shirikishi. Miradi mingi ya ushirikiano ya Horizon Europe, programu kuu ya utafiti ya Umoja wa Ulaya, inataka angalau taasisi tatu kutoka nchi tatu tofauti, mojawapo ikiwa ndani ya Umoja. Huko huingii peke yako. Unaingia kama mshirika wa mtu aliyekwisha kuwa na kikundi. Kwa mtu mmoja mwenye kiasi chako, wa kuangalia mapema ni mashirika kama TWAS (akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea) na IFS (mfuko wa kimataifa wa sayansi), na kwa wanawake OWSD (shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea), ambao ufadhili wao kwa watafiti chipukizi hufika dola 50,000. Lakini hawa wanahudumia nchi maalumu, kwa hiyo hakiki kama taasisi yako imo.

Watatu au wanne watakaobaki, waandikie maofisa wa programu. Wengi wanaogopa hatua hii bila sababu. Kujibu maswali ya waombaji ni sehemu ya kazi ya ofisa huyo. Barua iwe fupi, maneno 150 hivi, na ukurasa mmoja wa wazo umeambatishwa. Usiulize "mna fedha za maji?" Uliza kitu ambacho tangazo halijajibu, mfano: "Mradi unapima ufanisi wa vichujio kwenye kaya kwa miezi 12, hauundi kichujio kipya. Je, kazi ya namna hiyo inaingia kwenye programu hii, au mnatafuta ubunifu wa kifaa?" Jibu la "haiingii" limekuokolea miezi miwili.

---

Kalamu_Nyekundu

Nikazie swali la pili, kwa nini maandiko yenye sayansi nzuri yanaanguka.

Mhakiki hasomi andiko kama makala. Ana maandiko manane au kumi, ana fomu yenye vigezo, na kila kigezo kina sehemu ya kujaza alama na sababu. Anatafuta sentensi za kunakili kwenye fomu ile. Asipoziona, anaandika "haikuelezwa vya kutosha" na anasonga mbele, hata kama ilielezwa ukurasa wa tisa katikati ya aya ndefu. Kwa hiyo itafute fomu ya vigezo (wafadhili wengi wanaichapisha) uiweke pembeni unapoandika. Kwenye Horizon Europe vigezo ni vitatu: ubora, matokeo mapana, na utekelezaji. Kila kimoja kina alama 5, na kwa kawaida ukipata chini ya 3 popote au chini ya 10 kwa jumla, umetoka. Maana yake ni kwamba sayansi ya alama 5 haiokoi mpango wa utekelezaji wa alama 2.5. NSF nao wana vigezo viwili, ubora wa kitaaluma na manufaa mapana, na vyote viwili lazima vionekane kwenye muhtasari wa ukurasa mmoja, kila kimoja chini ya kichwa chake.

Kinachoamua mengi ni ukurasa wa malengo. Kwa NIH ni ukurasa mmoja kamili kabla ya kurasa 12 za mkakati wa utafiti kwenye R01, ruzuku yao ya kawaida ya mradi, na wajumbe wa jopo wasiopangiwa andiko lako mara nyingi huishia hapo. Wafadhili wengine hawauombi kwa jina hilo, lakini uandike hivyo hivyo na uutumie kama ukurasa wa kwanza.

Chukua mfano wa kazi yako. Lengo lililozoeleka kwenye maandiko ni:

"Kuchunguza ufanisi wa vichujio vya mkaa wa mifupa katika kuondoa floraidi."

Mhakiki hawezi kusema kama lengo hilo litafikiwa, kwa sababu hakuna namna ya kulikosa. Ukichunguza chochote, umechunguza. Linganisha na hili:

"Kubaini ni baada ya lita ngapi maji yanayotoka kwenye kichujio huvuka miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, kwenye vichujio 40 vya kaya vitakavyofuatiliwa kila mwezi kwa miezi 12."

Sasa kuna kipimo, kikomo, idadi, muda, na jibu linaloweza kutoka tofauti na ulivyotarajia. Hata bajeti imeanza kujiandika.

Makosa mengine yanayojirudia: malengo yanayotegemeana kama ngazi, kwamba la kwanza likishindwa la pili na la tatu hayapo. Wahakiki wanaliona hilo haraka sana. Yapange ili angalau mawili yasimame yenyewe. Halafu mapitio ya maandishi yanayokula theluthi ya kurasa. Hapa si tasnifu. Mhakiki anataka pengo, si historia ya taaluma. Na kile kipengele cha matatizo yanayoweza kutokea na mbadala wake, ambacho watu hujaza "hatutarajii matatizo". Andika tatizo halisi: kaya zitaacha kutumia kichujio maji yakiwa na harufu, kwa hiyo tunaanza na kaya 50 ili 40 zifike mwisho, na mkaa utachomwa upya kwa joto linalodhibitiwa. Anayetaja tatizo lake mwenyewe anaonekana anaifahamu kazi.

Muundo wa ukurasa nao si urembo. NIH wanataka herufi zisizopungua pointi 11 na pambizo zisizopungua nusu inchi. NSF wana kurasa 15 za maelezo ya mradi. Ukizidisha, andiko linaweza kurudishwa bila kusomwa. Mifumo mingine inakata kurasa za ziada yenyewe, na kwa bahati mbaya kurasa za mwisho huwa ndizo zenye mpango wa kazi.

---

Mhasibu_wa_Miradi

Naingia kwenye bajeti. Kosa la kwanza kabisa ninalokutana nalo ni hesabu ya gharama za taasisi, zile zisizo za moja kwa moja.

Umesema dola 60,000. Tuseme hicho ndicho kikomo cha mfadhili, gharama zote zikiwa ndani, na anaruhusu 15% kwa taasisi. Watu wengi hupanga shughuli za dola 60,000, kisha wanaongeza 15%, wanafika 69,000 na mfumo unawakatalia saa mbili kabla ya kufunga. Wengine wanakata 15% ya 60,000, wanabaki na 51,000 za kazi. Hiyo ni sahihi tu kama mfadhili ameandika kuwa asilimia inahesabiwa kwenye jumla ya ruzuku. Kama ameandika inahesabiwa kwenye gharama za moja kwa moja, na wengi ndivyo wanavyoandika, gawanya 60,000 kwa 1.15: unapata 52,174 za kazi na 7,826 za taasisi. Tofauti ni zaidi ya dola 1,100, yaani mishahara ya msaidizi au vitendanishi vya msimu mzima. Pia angalia vitu visivyoingia kwenye msingi wa hesabu. Vifaa vikubwa na mikataba midogo (kazi unayoipa taasisi nyingine) mara nyingi huondolewa kwanza. Horizon Europe wao wana 25% moja kwa wote, lakini kazi uliyoikodisha nje haiingii kwenye msingi huo.

La pili: bajeti itoke kwenye shughuli, si kwenye kikomo. Mhakiki anatambua bajeti iliyotoshelezwa kwa nguvu ifike 59,990. Tumia mfano wa Kalamu_Nyekundu hapo juu. Vichujio 40, miezi 12, sampuli ya maji yanayoingia na yanayotoka: 40 × 12 × 2 ni vipimo 960. Ongeza 10% za marudio na sampuli za udhibiti, 96, unapata 1,056. Kwa elektrodi ya floraidi unachanganya sampuli na bafa ya TISAB (kimiminika cha kutuliza hali ya sampuli ili mita isome sawasawa) kwa uwiano wa moja kwa moja. Ukitumia mililita 25 za sampuli, unahitaji mililita 25 za bafa, jumla lita 26.4. Weka 30 kwa ajili ya kusawazisha mita. Elektrodi huchoka, kwa hiyo ya akiba moja. Chupa za plastiki, si za kioo, maana floraidi hushikamana na kioo. Sasa kila mstari una sababu, na ukiulizwa "kwa nini lita 30?" jibu lipo kwenye aya ya maelezo ya bajeti. Maelezo hayo yakiandikwa vizuri yanamshawishi mhakiki kuliko aya tatu za mbinu.

Muda wa watu: usiandike "msaidizi wa utafiti, dola kadhaa". Andika asilimia ya muda na miezi. Asilimia 10 ya muda wako kwa mwaka ni miezi 1.2 ya kazi. Jumlisha muda wako kwenye miradi yote. Ikivuka 100% kuna siku mkaguzi ataiona. Na uliza mapema kama mfadhili analipa mshahara wa mtu aliyeajiriwa tayari. Wengi hawalipi, wanalipa tu waliokodiwa kwa ajili ya mradi.

Usijitolee kuchangia fedha za chuo kama haikuombwa. Inaonekana ukarimu, lakini ikishaandikwa kwenye bajeti inakuwa deni la mkataba, na utatakiwa kuonyesha risiti zake. NSF wanakataza kabisa mchango wa hiari wa namna hiyo.

Sasa zile zinazoumiza baada ya kushinda. Soma fedha zinakujaje: kwa awamu za mapema, au kwa kurudishiwa baada ya kutumia? Ya kurudishiwa inamaanisha chuo kitangulize fedha. Kama ofisi ya fedha haina utaratibu huo, mradi utasimama mwezi wa tatu. Angalia kama kuna sehemu ya mwisho inayozuiwa hadi ripoti ikubaliwe. Hiyo isiwe ndiyo uliyopangia mishahara. Angalia kama kodi ya ongezeko la thamani inakubalika kama gharama. Na kama bajeti iko kwenye sarafu moja na matumizi kwenye nyingine, andika kiwango cha kubadilishia na tarehe uliyokitoa. Mstari wa dharura wafadhili wengi hawaukubali, kwa hiyo kupanda kwa bei huingia ndani ya kila kifungu, mwaka wa pili na wa tatu, kwa asilimia uliyoitolea sababu.

---

Dawati_la_Utafiti

Nyongeza ya haraka upande wa utawala, maana huku ndiko watu wanakwama wakati andiko limekwisha.

Mwombaji kisheria ni chuo, si wewe. Kwa hiyo akaunti ya chuo kwenye mfumo wa mfadhili lazima iwepo na iwe hai. Kwa fedha za serikali ya Marekani, chuo kinatakiwa kusajiliwa SAM.gov, mfumo wa usajili wa serikali hiyo, na kupata namba ya utambulisho ya UEI yenye tarakimu na herufi 12, na usajili unahuishwa kila mwaka. Hilo linaweza kula wiki kadhaa. Kwa Umoja wa Ulaya ni namba ya utambulisho wa taasisi, PIC, yenye tarakimu tisa, na huenda chuo chako tayari kinayo bila wewe kujua, kwa hiyo uliza kabla hujaanzisha nyingine. Wewe binafsi jisajili ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti, leo, ni bure, dakika tano.

Ofisi ya utafiti ya chuo nayo ina tarehe yake ya mwisho, kwa kawaida siku tano hadi kumi za kazi kabla ya ile ya mfadhili. Anayeidhinisha akiwa safarini, hakuna sahihi. Barua za washirika ndizo zinazochelewa kuliko vyote, kwa hiyo ziombe wiki nane kabla, na umpe mshirika rasimu. Barua ya "tunauunga mkono mradi huu muhimu" haina uzito. Barua inayosema "tutatoa orodha ya kaya, fundi mmoja siku mbili kwa mwezi, na chumba cha kuhifadhia sampuli" ina uzito. Wengine wana masharti hata ya maneno ya barua hiyo, soma tangazo.

Muda wa mfumo ni muda wa mfadhili, si wako. Saa 11 jioni ya Brussels si saa 11 jioni ya kila mahali. Pakia toleo kamili siku tatu kabla. Mifumo mingi inakuruhusu kulibadilisha hadi dakika ya mwisho, na kama lina hitilafu utaiona mapema.

Na kwa kuwa umesema barua pepe zinafurika: anayedai ada ya kupokea maombi au "ada ya kuachilia fedha" ni tapeli, hata kama nembo yake ni ya shirika kubwa. Hakiki anwani ya barua pepe na uende mwenyewe kwenye tovuti rasmi ya mfadhili, usibonyeze kiungo.

---

Mhadhiri_Kemia

Asanteni sana, mmenifungua. Hesabu ya 1.15 peke yake imelipa uzi mzima.

Maswali mawili ya mwisho. Kuna profesa idarani mwenye jina kubwa. Nashauriwa nimweke awe mtafiti mkuu ili andiko lipite, mimi niwe mtafiti mwenza. Ni sahihi? Na likikataliwa, nalirudisha kwa mfadhili yule yule au nalipeleka kwingine?

---

Mpitia_Maandiko

La profesa: inategemea programu, na kwa programu za watafiti chipukizi jibu ni hapana moja kwa moja. Zile zinakupima wewe, na nyingi zina dirisha la miaka tangu PhD. Ruzuku ya kuanzia ya ERC, kwa mfano, ina dirisha hilo, na mama huongezewa muda kwa kila mtoto. Ukikaa miaka minne kivulini kama mtafiti mwenza, dirisha linafungwa na kwenye wasifu wako hakuna ruzuku hata moja yenye jina lako mbele.

Kwa programu za kawaida, jina kubwa lisilo na kazi ndani ya mradi linadhuru. Mhakiki anaona profesa mwenye asilimia 2 ya muda na anauliza nani hasa anaendesha. Mweke kama mtafiti mwenza mwenye jukumu linalotajika, mfano kusimamia ubora wa vipimo, kwa asilimia 5, au kama mshauri mwenye barua inayosema mtakutana mara ngapi na kwa lipi. Ukiona wazi kwamba wahakiki watahoji uzoefu wako wa kusimamia fedha, onyesha ruzuku ndogo ya ndani ya chuo uliyoifunga vizuri. Hiyo ya dola elfu mbili au tatu kutoka mfuko wa kitivo iombe mapema, matokeo yake ya awali ndiyo yatakayobeba andiko kubwa.

---

Kalamu_Nyekundu

La kukataliwa. Kabla ya chochote, soma kanuni ya kurudia. NIH wanaruhusu kurudisha andiko lile lile mara moja ndani ya miezi 37, likiwa na ukurasa mmoja wa utangulizi unaojibu wahakiki. ERC wao humfungia kwa muda mwombaji aliyepata daraja la chini hatua ya kwanza, kwa hiyo kule hupeleki rasimu kwa kubahatisha. Tangu Septemba 2025 NIH pia wana kikomo cha maombi sita kwa mtafiti mkuu kwa mwaka, na hawapokei andiko ambalo kwa sehemu kubwa limetungwa na akili mnemba. Kukagua sarufi ni suala jingine.

Kisha zitenge hoja za wahakiki kwenye jedwali lenye safu tatu: hoja, nimebadilisha nini, ukurasa gani. Hoja iliyotajwa na wahakiki wawili ibadilishe hata kama unaamini wamekosea; kama watu wawili hawakuelewa, hapo pameandikwa vibaya. Hoja ya mmoja unaweza kuipinga, kwa data na kwa adabu, sentensi mbili. Usianze na "mhakiki hakuelewa".

Alama zinakuambia pa kwenda. Hoja zikiwa juu ya mbinu, sampuli au bajeti, rudi kwa mfadhili yule yule, hayo yanarekebishika. Zikiwa "si kipaumbele" au "mchango ni mdogo" kutoka kwa wote, hakuna marekebisho yatakayosaidia pale. Mwandikie ofisa wa programu umuulize kama kuna programu nyingine ndani ya nyumba ile ile, na wakati huo huo mfungulie mfadhili wa pili kwenye orodha yako. Lakini usipeleke andiko lile lile bila kuligusa. Lipange upya kwa vigezo vya huyo wa pili, kuanzia ukurasa wa malengo.

Na kama tangazo linakataza andiko moja kuwa mezani kwa wafadhili wawili kwa wakati mmoja, au linataka ulitangaze, litangaze. Sehemu ya kujaza "maombi mengine yanayosubiri" ipo kwenye fomu nyingi, na wafadhili wanawasiliana.

---

Mhasibu_wa_Miradi

Ukilipeleka kwa mfadhili wa pili, bajeti nayo ipigwe upya kuanzia mwanzo. Asilimia ya taasisi imebadilika, sarafu imebadilika, na huenda usafiri wa kaya sasa unahitaji kifungu chake. Nimeona bajeti yenye jina la mfadhili wa kwanza bado limo kwenye safu ya juu ya jedwali.